Mashine Sita Mahali Pamoja

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya bima hapa Goma. Mbele yangu alisimama mama mmoja, mshonaji wa mtaa wa Ndosho. Vita ilipoingia mjini, waporaji walivunja karakana yake, atelier kama tunavyoiita hapa, wakabeba mashine zote sita za kushonea. Karani akaweka kidole kwenye mkataba.

"Mama, vita haiko ndani."

Mama akajishika kiuno. "Papa, zamani tukisikia mabombe, kila fundi alikuwa anabeba mashini yake, inalala kwake. Ni nyinyi mulinikataza. Mulisema assurance inalinda tu mashini yenye kubakia mu atelier. Nikawasikiliza."

"Ni contrat, mama."

"Vita haiko mu contrat, lakini ilijua njia ya atelier!"

Hasira ilinipanda. Wamemuuzia mtu wa Goma bima isiyotaka kusikia habari ya vita, tena wakamvua hata kinga aliyojitengenezea mwenyewe.

Saa kumi ofisi ikafungwa. Karani akachomoa kompyuta, akaitia kwenye begi, akaita pikipiki. Nikamuuliza mbona haiachi ofisini.

"Ah, muzee! Na hii vita, mutu anaacha kitu ku kazi?"