Nishushe Nimekaa

Safari yangu ya kwenda Kigoma ilianzia Tunduma na ilichukua siku nne. Basi moja hadi Sumbawanga, jingine hadi Mpanda, kisha lori la mahindi lililoharibika karibu na Uvinza, tukalala chini yake. Nilishuka Gungu nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Mwenye bodaboda aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi panda, tutafika tu."

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, cheti cha kidato cha nne, leseni na begi moja. Nilikuwa nimefanya kazi katika mikoa saba na sikuwahi kuaga katika hata mmoja. Kazi ikiisha, au hamu ya kuondoka ikinishika, niliondoka alfajiri kabla watu hawajaamka. Kuaga kulinishinda.

Kazi niliyoifuata ilikuwa ya kuendesha pikipiki ya matairi manne, zile pana zenye keria mbele na nyuma. Kaskazini mwa mji, vijiji vya ufukweni havina barabara. Milima imesimama karibu kabisa na maji. Juu ya mlima mmojawapo kulikuwa na mnara wa simu, na jenereta yake ilitaka dizeli mara tatu kwa wiki. Mashine ilisafirishwa kwa boti kutoka mwalo wa Kibirizi mjini, na mimi juu yake. Mama mmoja mwuza dagaa aliizunguka, akaigusa tairi, akauliza, "Hiki nacho kinakula nini?"

"Petroli."

"Na wewe?"

Wenzake wakacheka hadi boti likayumba. Sikumbuki kama nilicheka.

Njia ya mlimani ilianza katikati ya michikichi na mihogo, ikapita msituni, kisha ikawa mawe matupu. Karibu na kilele palikuwa na mahali nilipopaita Ngazi, miamba mitano iliyopangana kama vidato, kila kimoja kikifika magotini. Baada ya hapo ni majani mafupi, upepo na ukungu. Kwenda tu ni saa mbili na nusu, na sikukutana na mtu. Simu mfukoni ndiyo iliyonisemesha: ujumbe wa mtandao ulinikaribisha Burundi, mita chache mbele ikanikaribisha Kongo, kisha ikanirudisha nyumbani.

Siku ya kwanza nilifika Ngazi na madumu manne ya dizeli nyuma, na mashine ikanyanyua kichwa. Tairi za mbele zilielea hewani. Nililala juu ya usukani kwa kifua mpaka zikarudi chini.

Juu nilimkuta mlinzi. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Ujiji, ingawa babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha bati, blanketi mabegani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyetaka kupindua meza?" Tangu siku hiyo mashine aliiita meza, kwa sababu ya miguu minne. Alikuwa ameniona toka juu. "Nyuma umeweka mzigo, mbele hakuna kitu. Weka jiwe mbele, kijana. Na ukishuka liache huku, la sivyo litakupindua kichwa mbele."

Kijana, mimi mwenye mvi. Lakini nilifuata. Kila safari niliokota jiwe zito ufukweni, nikalifunga kwenye keria ya mbele, na nikifika juu nikaliacha karibu na kibanda. Tulikunywa kahawa yake, nikampa samaki aina ya migebuka niliowabeba kutoka chini, nikashuka. Hayo ndiyo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo kwa wiki. Kijijini watu wengi waliongea Kiha. Walinisalimia vizuri, wakaendelea na yao. Nilipanga chumba karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, nikala peke yangu, nikalala na redio.

Miezi ilipita kabla sijagundua kwamba mzee alikuwa akiyapanga yale mawe. Alijenga ukuta wa kukinga upepo kwenye jiko lake. Alijenga amekaa, akijisogeza kwa makalio, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alipanda mlima ule kwa miguu alipoanza kazi, na baridi ya juu ikamharibia njia ya kurudi. Kushuka hakuweza tena.

"Wewe ni mtu wa kuondoka," aliniambia siku moja, akipapasa jiwe kutafuta upande wake bapa. "Nimekutazama. Hujawahi hata kuniuliza mvua zinaisha lini."

Sikubisha.

"Mimi sikuzuii. Ila siku unayoondoka, nishushe kwanza. Nishushe nimekaa. Kule chini nimewaona wanaoletwa kwa machela. Kijiji kizima kinatoka kuangalia, wanawake wanaanza kulia kabla hawajauliza. Sitaki kushushwa nimelala."

Nilisema sawa. Ilikuwa rahisi kusema.

Mwaka wa tatu simu ikaja kutoka kwa msimamizi wetu mjini. Paneli za jua zilikuwa zimefika, dizeli haitahitajika tena. Mashine ingeondoka Jumamosi kwa boti la mizigo. Mlinzi naye angepumzishwa mwisho wa mwezi, na vijana wawili wa kijiji kilicho nyuma ya mlima wangechukua zamu. Nilifanya safari ya mwisho ya dizeli Jumatano. Tulikunywa kahawa. Msimamizi alikuwa amempigia yeye pia, kwa hiyo alijua, na alijua kwamba nilijua. Alisubiri niseme. Nilisema dizeli imejaa, nikashuka.

Kwa nini sikumshusha, sina sababu nzuri ya kuandika hapa. Nadhani niliogopa Ngazi, kuipita na uhai wa mtu mgongoni. Na niliogopa zaidi kufika chini, pale ambapo ingebidi tutazamane na kuagana. Alhamisi niliosha mashine, nikaifunika kwa turubai la bluu ufukweni, nikafunga begi.

Ijumaa asubuhi simu iliita.

"Kijana. Naona kitu cha bluu karibu na maji."

"Ndiyo, Mzee."

"Meza imefunikwa?"

Nilisikia upepo kwenye simu yake. Hakulalamika. Akasema tu, "Haya. Safari njema," akakata.

Nilikaa juu ya begi langu, nikautazama mlima. Mtu mzima, nimekaa juu ya begi. Kisha nikavuta turubai.

Nilipanda na jiwe mbele kwa mazoea, ingawa nyuma sikuwa na dumu hata moja. Nilimkuta mlangoni mwa kibanda, kavaa koti na kofia safi, kifurushi mapajani.

"Umechelewa," akasema.

Wale vijana wa zamu alikuwa amewapigia waje mapema. Nilimpandisha keria ya nyuma juu ya blanketi lake lililokunjwa, nikamfunga kiunoni kwa shuka, akanishika mabega. Ngazi tuliishuka kwa gia ndogo, kidato kimoja, kisha tunapumzika. Kwenye cha tatu tairi la nyuma liliteleza, tukakaa upande, na nikasikia vidole vyake vikinikaza. Uzito wake ndio uliotuvuta nyuma, mashine ikatulia.

"Mbona unaenda kama umebeba mayai?"

"Nimekubeba wewe."

"Mimi gunia la chumvi. Twende."

Tulipoingia kijijini watu walitoka vibandani. Mzee aliwasalimia mmoja mmoja, mgongo wima. Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alimwambia amenenepa, na yeye akamjibu ni koti.

Jumamosi tulivuka pamoja hadi Kibirizi, mzee, mimi na meza yetu. Binti yake alikuwa amekuja kumpokea, na bodaboda ya kuwapeleka nyumbani kwake Rusimbi. Akaniambia, "Kaka, twende ukale. Nimepika wali."

Nilisema nina basi. Basi lilikuwa la kesho yake.

Mzee alikuwa amekwisha kaa kwenye bodaboda. Alinitazama, akauliza taratibu, "Na wewe unapokelewa wapi?"

Nikasema, "Nitafika tu, Mzee. Kwaheri." Nilishangaa kusikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Alinipa mkono, akaushikilia mpaka dereva alipowasha pikipiki.

Walipoondoka niligeuka kutazama kaskazini. Asubuhi, kutoka kwenye boti, nilikuwa nimeuona mnara, mwembamba kama sindano, na nikautafuta ukuta pembeni yake. Haukuonekana. Jiwe la Ijumaa nililiweka juu ya ukuta ule mimi mwenyewe, nikaligeuza mara mbili mpaka likakaa. Sijajenga kitu kingine mahali popote. Nilibeba begi langu, nikatembea kwa miguu hadi stendi.