Supu ya Mzazi kwa Paka

Wiki ile sikuweza kukaa. Nikikaa kwenye kiti, naamka. Nikiamka, naenda kuchungulia chini ya kitanda. Nikisikia watoto wa paka wanalia, nafunga mlango, halafu naufungua tena. Mjukuu wangu, binti anayesomea uuguzi na anayelala kwangu hapa Kasenga, aliinua macho kwenye simu yake akanicheka.

"Mukemwenza, hizo kandambili zitatoboa saruji."

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Ananitukana bure, namtukana bure, hakuna anayekasirika.

"Weye cheka tu. Paka hana maziwa. Nafinya titi, hakuna kitu."

Paka mwenyewe niliachiwa na mpangaji wangu wa nyumba ya uani, mama wa mradi aliyehamishiwa Bukavu. Aliniachia paka pamoja na nusu gunia la krokete, vile vitonge vikavu wanavyokula paka wa watu wa mishahara. Nilicheka. Paka gani hajui bukari, ugali wa kwetu! Lakini haikuchukua muda nikaanza kumheshimu. Mimi nauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, magunia yanalala chumbani, na panya wa mtaa huu hawana adabu: wanatoboa gunia, wanakula vichwa, wanakunya ndani. Yule paka aliwamaliza. Hata kuwala hakuwala. Aliwaua, akawapanga mlangoni, akarudi kwenye sahani yake ya krokete kama bosi. Alipozaa, wamama wa sokoni walikuwa wameshagawana watoto wake tumboni: wa kwanza wa huyu, wa pili wa yule. Nilikuwa nimewaahidi, na neno langu sokoni si la kuchezea.

Taabu ilikuja na gunia jipya. Lile la mpangaji lilipoisha tulikwenda na mjukuu kwenye duka moja la mjini, lile linalouza vitu vya wageni. Yeye akashika gunia hili, mimi nikashika lile. Langu lilikuwa na picha ya samaki mkubwa anaruka, na kabla hata halijafunguliwa harufu ilikuwa inatoka, harufu ya samaki kabisa. Nikasema, "Hili." Mjukuu alitaka kusoma maandishi ya nyuma. Nikamwambia, "Samaki hasomwi, ananuswa." Mwenye duka akanipigia makofi. Nilitoka pale kichwa juu, kitenge kinapepea.

Na si uongo, ndagala nazijua. Nakamata kiganja kimoja, navunja kichwa, nanusa. Ile iliyokaushwa na jua la kweli inavunjika kwa sauti. Ile iliyopigwa na mvua inajikunja kama kamba. Natia mdomoni, mchanga nausikia kabla ya ladha. Hakuna mvuvi wa ziwa hili aliyewahi kunidanganya mara mbili.

Basi paka alikula. Alikula sana, akanya sana, akakonda. Manyoya yakasimama kama nyasi za bonde la Ruzizi wakati wa kiangazi. Watoto wanavuta, wanavuta, wanaachia, wanalia. Kilio cha mtoto mwenye njaa, hata awe wa paka, kinaingia kwenye meno.

Nikaketi chini, nikalipima lile gunia kama ninavyopima mali ya muntu nisiyemwamini. Nikavunja tonge: ndani hakuna uzi wa nyama wala mwiba, iko unga mutupu. Nikatafuna.

"Bibi! Hicho ni cha paka!"

Niliendelea kutafuna. Mbele ya ulimi samaki, nyuma ya ulimi mahindi. Nikatumbukiza vingine kwenye bakuli la maji, vikavimba vikawa uji.

"Unaona? Ni bukari. Paka wangu ananyonyesha kwa bukari iliyopakwa samaki."

"Kuvimba aiko kosa, Bibi, hata zile nzuri zinavimba. Lete nisome."

Akasoma. Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, ananitafsiria. Kinachotajwa kwanza, akasema, ndicho kingi kuliko vyote. Kilichotajwa kwanza kilikuwa nafaka. Kisha mabaki ya mimea. Kisha nyama na mabaki ya wanyama, bila kusema mnyama gani, anaweza kuwa yeyote. Samaki alikuja huko nyuma, kidogo, kama mgeni aliyefika karamuni sahani zikioshwa. Harufu wanaipaka juu na mafuta ili paka apende. Halafu akafika mahali pameandikwa majivu.

"Majivu? Wanawatilia majivu?"

"Hapana ya jikoni. Ni hesabu tu: wakichoma chakula, kile kinachobaki, chumvi ya mifupa na vitu kama hivyo. Iko kwenye magunia yote."

"Minye nimezaa saba, hakuna aliyenihesabia majivu."

"Basi hesabu hiyo mupelekee mwenye duka, yule aliyekupigia makofi."

Hilo liliniuma. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikafagia palipokwisha kufagiwa, na huko nyuma kwenye moto ndiko nilikopata wazo.

Kwetu mwanamke akizaa haachwi ajilie chochote. Anapikiwa supu ya ndagala: vitunguu vingi, kitunguu saumu, chumvi, mawese, na anainywa ya moto mpaka jasho linamtoka kwenye nyusi. Kesho yake mtoto anapaliwa na maziwa. Mimi nimeinywa, nimewapikia binti zangu na wake wa wanangu, na hakuna hata mmoja aliyekosa. Nikasema moyoni: mzazi ni mzazi. Mjukuu alipokwenda shuleni nikapika. Vitunguu nilivikata mwenyewe, tena sikumpunjia. Nikaponda kila kitu kikawa laini kama cha mtoto.

Paka alinusa, akaniangalia, akalamba. Mawese yalimpendeza. Nikampa asubuhi, nikampa jioni, na kesho, na kesho kutwa, namficha mjukuu ili siku maziwa yakitiririka nimwambie: sasa soma na hayo. Sokoni nawaambia wamama, "Subirini, yanakuja."

Hayakuja. Asubuhi moja paka hakuamka kunipokea. Nikafunua mdomo wake: fizi zilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Na kitambaa alichokojolea kilikuwa na rangi ya chai.

Mjukuu aliinama kwenye sufuria akanusa. Safari hii hakucheka.

"Bibi. Umetia vitunguu?"

"Mzazi bila vitunguu?"

Alimviringisha paka kwenye kitenge changu cha kanisani, na mimi nikakaza fundo. Tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, mimi nyuma kabisa, paka katikati na mjukuu, mpaka Rugenge, kwa muganga wa ng'ombe, yule anayewachanjia watu wa bondeni mifugo yao. Njiani dereva aliuliza kama tumebeba mtoto mgonjwa. Nikamwambia aangalie mashimo.

Muganga alipofungua kitenge alirudi nyuma hatua.

"Mama, minye iko muganga wa ng'ombe. Paka hawaletewi kwangu. Wakiugua wanatupwa."

"Huyu hatupwi. Angalia."

Akaangalia fizi, akapapasa tumbo, akauliza anakula nini. Nikamtajia supu yote, kimoja kimoja, na nitakuwa muongo nikisema sikuitaja kwa majivuno. Nilifikiri atauliza vipimo ampelekee mke wake.

"Mama, kitunguu kinavunja damu ya paka. Kitunguu saumu kinazidi. Supu hiyo ni nzuri, hata mimi nimelelewa nayo. Lakini paka inamuua."

"Atakufa?"

"Sijui. Mukiacha leo, damu inaweza kurudi, polepole. Chumvi na mawese acheni pia."

Nilitaka kukaa, hapakuwa na kiti. Aliendelea kusema na mjukuu, naye anaandika kwenye simu: ndagala zioshwe mchanga wote, zichemshwe kwa maji matupu, ini kidogo, maji ya kunywa yasikosekane, hasa kwa anayekula kikavu. Watoto wapewe maziwa ya mbuzi ya vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na ncha, mpaka mama yao apone.

"Na krokete?" mjukuu akauliza.

"Huko mimi si mtaalamu. Lakini paka ni mla nyama, aiko ng'ombe. Mnyama atajwe kwanza, na atajwe kwa jina lake. Tafuteni ya watoto wa paka, anayenyonyesha anahitaji nguvu kama wao. Na iwe na taurini, bila hiyo macho na moyo vinaharibika. Ndagala peke yake musimuzoeze."

Tukarudi dukani na paka wetu kwenye kitenge. Mwenye duka akatuona kutoka mbali.

"Mama wa pua amerudi!"

"Pua imepumzika," nikamwambia. "Leo anasoma huyu."

Mjukuu akageuza magunia, moja baada ya jingine, anasoma huku midomo inacheza. Alichagua moja lenye picha iliyofifia: kuku kwanza, kwa jina lake, na taurini imeandikwa. Nilijizuia nisinuse. Nikanusa. Linanuka kama karatasi. Mkono wangu ulikataa kulibeba, akalibeba mwenyewe.

Siku zilizofuata sikuuza vizuri. Napima ndagala, nasahau nimepimia nani. Wamama wakiuliza habari za paka, nasema nina haraka. Nyumbani naosha mchanga, nachemsha, nachanganya na vile vitonge vya karatasi, nashika bomba la sindano na watoto wananikwaruza vidole. Mjukuu anafunua fizi kila asubuhi kabla ya darasa: bado, bado, leo iko rangi kidogo, au ni mwanga wa dirisha.

Halafu asubuhi moja bomba la sindano lilikataliwa. Nililisogeza kwa yule wa madoa, aliye mdogo kuliko wote, akageuza kichwa. Nikajua huyu amekata tamaa. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kitanda.

"Kuja uone!" nikaita.

"Nimechelewa, Bibi!"

"Kuja, nimesema!"

Paka alikuwa amejilaza ubavu, macho nusu, anaunguruma. Watoto walikuwa wanasukumana tumboni mwake, yule wa madoa amerudi kumpanda ndugu yake kichwani, na midomo yao yote ilikuwa na povu jeupe la maziwa.