Foleni ya Kula

Nikiulizwa kwa nini nazijua nyaraka za Wamarekani kuliko mafaili ya shule yangu, huwa najibu kwamba napenda historia. Ni uongo wa adabu. Nilizijua kwa sababu ya mtu mmoja, na nilitaka aumie.

Tulisoma naye kidato cha tano Musoma. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, wa Iringo, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Mimi nilitoka Kiriba, na kwetu r na l huingiliana kama majirani wasiobisha hodi. Mama yangu mpaka leo ananiambia "rara sarama", na mimi nalala salama. Ijumaa moja tulikuwa na mdahalo kuhusu watu weusi wa Marekani na kodi waliyowekewa ili wasiweze kupiga kura. Nilikuwa nimejiandaa kweli. Nikasimama, nikasema kwa sauti yangu yote kwamba watu wale walinyimwa haki ya kula.

Akanyoosha mkono. "Mheshimiwa spika, msemaji ana njaa. Apewe ugali."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwalimu wa zamu naye alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo nikawa Haki ya Kula, bwenini, bwaloni, hata kanisani. Nilikuwa napenda kuongea mbele za watu kuliko kitu chochote, na sikusimama tena kwenye mdahalo mpaka namaliza shule. Sikumsamehe. Waliozoea kusamehe wasamehe wa kwao.

Sasa nafundisha historia katika sekondari moja ya Bunda na ninaishi Kabasa. Mwaka jana tuliitwa semina Butiama, walimu wa historia, tufundishwe kutumia hifadhi za bure za mtandaoni kwa mada za siasa na historia ya Marekani. Mwezeshaji alikuwa yeye. Nilimsalimu kistaarabu kwenye kundi la simu la semina. Akajibu mbele ya wote: "Haki ya Kula! Bado unakulaga?" Walimu vijana wa shuleni kwangu walikuwemo humo. Kesho yake nilipoingia ofisini, wawili walikuwa wanacheka, wakanyamaza waliponiona.

Wiki ile ile alitutumia slaidi zake tuzipitie. Moja ilikuwa na picha ya watu weusi waliopanga mstari kando ya ukuta, na chini ameandika: Wamarekani weusi wakisubiri kupiga kura. Niliikodolea macho. Mama wa mbele ameshika kindoo. Aliyemfuata ana bakuli. Nikajiuliza, nani anaendaga kupiga kura na bakuli?

Hifadhi zile hazidai malipo wala nywila. Ukiwa na bando unaingia, unakuta magazeti ya zamani, hotuba, mijadala ya bunge lao, na kila picha ina namba yake na maelezo ya aliyeipiga. Nilianza kuitafuta nikitoka kusahihisha madaftari, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kwanza niliandika maneno ya uchaguzi, sikuambulia kitu. Nikaandika ya mafuriko na chakula cha msaada. Nilizipitia picha mpaka macho yakauma, na siku moja nikamwona mama yule yule na kindoo chake. Maelezo yalisema ni watu waliokimbia mafuriko, wanasubiri kugawiwa chakula.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ningeweza kumwandikia pembeni arekebishe, na mtu mwema angefanya hivyo. Mimi nilifunga mdomo.

Butiama slaidi ile ilipowaka ukutani, nilinyoosha mkono.

"Mwezeshaji, hiyo siyo foleni ya kura. Ni foleni ya kula."

Akatabasamu, kama nilivyomtaka atabasamu. "Kura, dada yangu. Sema ra."

"Kula."

"Jamani, miaka yote hii ulimi haujapona! Tumsaidieni wote: ra!"

Na wengine wakamwitikia, ra, kama watoto wa chekechea. Nikamwacha anogewe. Walipotulia, nikamwomba afungue hifadhi aliyotuonyesha asubuhi, nikamsomea namba ya picha. Aliiandika mwenyewe, kwa vidole vyake. Picha ikatokea, na maelezo yake. Akaanza kuyasoma kwa sauti, na alipofika kwenye chakula akanigeukia.

"Nimesema kula," nikasema. "La, ya lala. Hao watu walikuwa na njaa. Wapewe ugali."

Kicheko kile nakisikia hadi leo, na ni kitamu. Mchana, tumejipanga na sahani, kijana mmoja wa shuleni kwangu akamgeukia kwa heshima zote: "Samahani mwezeshaji, hii foleni ni ya kura ama ya kula?" Kufika jioni alikuwa ameshabatizwa. Anaitwa Foleni.

Siku hizi semina za hifadhi hizo naziendesha mimi. Nasimama mbele ya watu, naongea, na r na l zangu ziende zitakako. Juzi alinitumia ujumbe, pembeni safari hii, siyo kwenye kundi. Aliandika: "Dada yangu, nakuomba uwaambie waache. Hata ofisini wananiitaga hivyo, na mwanangu amelisikia. Wewe wanakusikilizaga."

Ni kweli, wananisikiliza. Neno langu moja kwenye kundi lingetosha, na jina lile lingekufa siku hiyo hiyo. Niliusoma ujumbe wake tena, taratibu, nikinywa chai yangu mpaka ikaisha. Kisha nikamjibu.

"Umekula?"