Mwalimu Mgongo Wapi

Darasa la nne walimwita Mgongo Wapi, na yeye alijua, ila alijifanya kiziwi kama wafanyavyo walimu wote wenye akili. Jina alijitafutia mwenyewe. Kila Ijumaa, kabla mtoto hajagusa udongo wa kufinyanga, sharti achore mpango: karatasi inakunjwa sehemu tatu, mbele, ubavu, nyuma, chini anaandika madonge mangapi, na lipi litabeba lipi. Watoto walichora mbele kwa mbwembwe, ubavu kwa kununa, nyuma wakaacha peupe.

"Mgongo uko wapi?"

"Mwalimu, si hauonekani!"

"Kwa hiyo haupo? Wewe ukikaa hapo, mgongo wako unaenda dukani?"

Mwingine alichora mbuzi mwenye miguu kama njiti za kiberiti. "Huyu anasimama au anaomba msamaha? Nenepesha miguu, udongo usije ukakuaibisha."

Kazi yake aliijua, asikudanganye mtu. Hata mimi niliyeiaga shule kabla haijaniaga, kwa mpango wake ningefinyanga ng'ombe wa kukamuliwa kabisa.

Ila kengele ya mwisho ikishalia, nyumbani kwake ni vyumba viwili, viti vinne na mtu mmoja. Mkewe alifariki mwaka juzi, na watoto hawakujaliwa. Bado alichemsha chai ya vikombe viwili. Cha kwanza alikunywa cha moto, cha pili alikunywa kimeshapoa. Redio aliiwasha apate wa kubishana naye. "Muongo wewe," alimwambia msoma habari, na msoma habari akaendelea na zake.

Ijumaa moja alitoa kazi ya Ijumaa inayofuata: kumfinyanga mtu wa nyumbani. Mlinzi wa ndoo ya udongo alikuwa binti mmoja aliyeitwa Polisi, mdogo wa umbo, mkubwa wa amri. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa sheria: bila mpango kamili, usimpe mtu udongo, hata awe mwalimu mkuu.

"Na wewe mwalimu," Polisi akauliza, "nyumbani kwako utamfinyanga nani?"

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Mke wangu," alijisikia akisema. "Wiki ijayo mtamwona."

Jumamosi akakaa mezani na penseli. Mbele palikuja penyewe: mwanya, kitambaa cha kichwani kilichofungwa upande upande, shavu moja lililotangulia kucheka kabla ya lenzake. Ubavu aliupata kwenye picha ya zamani. Alipofika nyuma, penseli ikagoma. Alichora, akafuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikaota manyoya.

Ndipo akaelewa. Miaka ishirini na sita walitembea pamoja, yeye mbele, mama wa watu nyuma na kikapu chake. "Taratibu basi, unafukuzwa na nani?" mkewe alikuwa akimwambia, naye alijibu bila kugeuka.

Gauni la kijivu lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Akaligeuza. Mgongoni lilikuwa na vifungo vitatu. "Hebu nifunge hapa nyuma," mkewe alikuwa akiomba. "Mwite jirani, mimi nimechelewa." Gauni lilimwonyesha vifungo, lakini mabega halikuwa nayo.

Ijumaa ikafika, naye akajipanga foleni mwisho kabisa, nyuma ya watoto, karatasi mkononi. Polisi akaipokea, akaikagua kwa kidole.

"Mwalimu, mgongo uko wapi?"

Madawati yalipigwa, watu wakacheka hadi machozi. Angeweza kuchora mgongo wowote pale pale, mistari miwili tu, nani angejua? Yeye angejua.

"Haupo," akasema.

"Basi udongo hakuna." Polisi akafunika ndoo kwa gunia lake lenye maji. "Si ni sheria yako?"

"Ni yangu."

Kipindi kizima alikaa na mikono safi, huku watoto arobaini, matope mpaka viwikoni, wakisimamisha mabibi na wajomba juu ya madawati.

Siku hiyo hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikata kona kwa mdogo wa mkewe, mtaa wa pili tu, ambako hakuwa amekanyaga tangu matanga, kwa sababu yule mama alicheka kama dada yake.

"Loo, shemeji! Kafa nani tena?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuuliza juu ya dada yako. Mgongo wake."

"Mgongo wake umefanyaje?"

"Sijui ulikuwaje. Nilikuwa natangulia."

Shemeji alikuwa na maneno yake mdomoni, makali, ya miaka miwili. Alimtazama, akatazama karatasi yenye manyoya, akayameza.

"Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo," akasema. "Kikapu kile. Shingo yetu fupi unaijua. Kwa nyuma watu walikuwa wananiita kwa jina lake. Tazama basi."

Akageuka, akaelekea jikoni kuweka maji ya chai. Mwalimu akatoa penseli, akamfuata nyuma.

"Taratibu, shemeji," mwalimu akamwambia. "Usikimbie."