Siki Niliyoipunguza

Naitwa Mwanaidi, nina kibanda cha chipsi mtaani Mchafukoge. Kabla sijaugua, watu walinifuata kwa ajili ya mayonezi. Nilitengeneza mwenyewe kila asubuhi: viini vibichi vya mayai, mafuta, chumvi na siki. Mama, aliyenifundisha, ndiye aliyekuwa mwonjaji.

Wateja wakaanza kulalamika. "Dada, mbona kali hivi? Punguza bwana." Nikapunguza siki. Asubuhi hiyo wateja walishasimama pale mama alipolamba kijiko. Aliwatupia wateja jicho, akasema, "Sawa." Ndoo ya mayonezi ikashinda juu ya kaunta, jua likiipiga. Mchana tukala na sisi.

Kesho yake tumbo lilinikata. Niliharisha maji, baadaye damu. Homa ikanitetemesha mpaka meno yakagongana. Mama alikuwa anatapika, macho yameingia ndani. Nilimtazama, sikuhisi kitu. Jirani akatupakia kwenye bajaji.

Daktari aliuliza tumekula nini, nikamweleza.

"Ni bakteria wa kwenye mayai," alisema. "Siki ya kutosha inawadhibiti, moto unawaua. Wewe hukutumia moto, na siki ukaipunguza."

Wodini nilimwamkia mama. "Shikamoo."

"Marahaba. Siki niliijua haitoshi, mwanangu. Nikaona nisikuaibishe mbele ya wateja."

Niliangalia dripu ikidondoka. Chozi halikuja. Siku ya tatu madaktari wakaniambia figo za mama zimeelemewa, nijiandae kwa lolote. Nikasema, "Ahsante," kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Siku ya tano mama aliomba uji. Namshukuru Mungu, manesi, na jirani yule. Wateja wawili nao waliugua matumbo, nikawaendea kuwaomba radhi.

Sasa viini navipasha pamoja na siki, bakuli likiwa juu ya maji ya moto, nakoroga mpaka kipimajoto kipite nyuzi sabini. Mayai yenye ufa sinunui hata yakiwa bei ya kutupa. Ndoo inakaa kwenye friji. Nanyi mnaotengeneza majumbani, ulimi wa mteja usiwapangie siki.

Tangu tutoke hospitali mama alikuwa haonji tena. Nilikuwa naonja mwenyewe, sisikii ladha yoyote. Wiki iliyopita alininyang'anya kijiko, akalamba, akakunja uso.

"Siki imezidi," akasema kwa sauti, kibanda kizima kikasikia.

"Najua, mama."

Nikalia palepale, mbele ya wateja. Siki sikuipunguza.