Paa Lisilotoa Moshi

Mama mkwe wa Kemunto alifika asubuhi amekunja uso, na ugali wa wimbi kikapuni. Wiki nzima, kutoka kwake mlimani, hakuona moshi juu ya paa la mkaza mwanawe. Sabato sawa, hakuna anayepika. Lakini Jumatatu?

"Kwani mwanangu hakulishi?"

Kemunto akacheka, akafungua gesi, jiko likawaka buluu. Akamweleza kwamba samadi ya ng'ombe, ikioza kwenye shimo lililofunikwa, ndiyo inayotoa gesi ya moto huo, masalio yake yanakwenda kwenye migomba, na miti ya kando ya chemchemi haikatwi kuni tena.

Mama alinusa hewa, akanywa chai.

Kesho yake alirudi amejitwika ndoo ya mavi ya ng'ombe wake.

"Shika. Leo maharagwe yangu yanaivia hapa."