Chuma cha Moto Shingoni mwa Dalali

Hebu mwone Keraryo akija, ndugu yangu. Ni siku ya mnada wa ng'ombe Bunda, enzi ya Mwingereza, na vumbi limetanda. Anatembea kidevu juu kama mtu anayenusa mvua. Si kiburi. Shingoni ana uvimbe uliokwisha kukataa kifungo cha shati.

Yeye ndiye dalali. Watu walikuwa wakimtania kwamba akinadi fahali Bunda, Butiama wanafungua zizi. Kisha sauti ikaanza kukwaruza.

"Vumbi tu," alimwambia mkewe, Selestina. "Mama alikuwaga na rovu, uvimbe wa shingo kama huu, akazeeka nalo."

"La mama yako lilikuwa laini, baba Esta. Hili ni jiwe."

Mfugaji akiona uvimbe kwa ng'ombe, hutafuta chuma cha moto. Basi Keraryo akamwendea Magesa, mchoma alama za mifugo.

"Usinipige teke tu," Magesa akacheka. "Nikichomaga fahali, nakimbia."

Kidonda cha moto kilipona, watu wakampongeza. Chini ya kovu, jiwe likaendelea kukua kimyakimya.

Selestina ndiye aliyemburuta hadi kwa daktari, Musoma. Daktari akalibonyeza, akamwambia ameze mate. Halikusogea.

"Hii ni saratani, mzee. Dawa ya kunywa ya kuimaliza hakuna. Ng'ambo wana dawa ya mionzi, huku haijafika. Kilichopo ni kisu, Mwanza. Ila mshipa wa sauti unapita hapohapo, na hilo kovu limeshikamana na nyama. Siwezi kukuahidi kwamba utarudi na sauti."

"Nisipoenda?"

"Uvimbe utaziba njia ya pumzi."

Meli ya Mwanza inang'oa nanga Musoma leo jioni. Lori la kuwapeleka bandarini limeshawashwa, pale kando ya uwanja wa mnada. Selestina yuko juu, kifurushi mapajani.

"Panda, baba Esta! Bubu naye hulaga ugali."

"Dalali bubu ni nani, mama Esta?"

Mara fahali mwekundu akasukumwa uwanjani, na watu, ambao hawajui alichosema daktari, wakaanza kupiga makofi: "Keraryo! Keraryo! Tuitie huyu!"

Keraryo akavuta pumzi. Ikaingia kwa mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya ufa wa mlango. Lori likapiga honi ya mwisho. Fahali akageuza kichwa, akamtazama.

Wewe unayenisikiliza, ungekuwa na shingo ile, ungemnadi kwanza fahali yule, au ungepanda lori?